Gari Lisilo na Nyuma

Tangu nirudi na lile gari sijanunua hata mkate kwa amani. Kwa kinyozi mnaniuliza, kanisani mnaniuliza, na juzi daktari wa meno aliniuliza mdomo wangu ukiwa wazi na vyuma vyake vimo ndani. Kila mmoja nimempa kipande chake, na sasa vipande vimeanza kugombana: wapo wanaosema nilishinda bahati nasibu, na wapo wanaosema mke wangu Nyokabi alihama nyumba kwa siku tano. Nyokabi hakuhama. Nawaandikia yote kwa mpigo mmoja, mpitishiane, mniache ninyolewe.

Kabla sijaondoka Nakuru

Habari za benki na fomu nitaziruka, zitawachosha kama zilivyonichosha mimi. Mjue tu kwamba nilipolifunga duka langu la dawa za mifugo niliuza na ile ploti ya njia ya Njoro, na kwamba katika nchi yetu mtu akinunua gari jipya la spoti ananunua mawili: moja lake na moja la serikali, ila la serikali hulioni. Nyokabi alipoonyeshwa karatasi ya ushuru alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa na kusoma upya. Nilijiandaa kwa vita vya pesa. Badala yake akauliza, "Iko na viti ngapi?"

"Viwili."

"Gari ya viti viwili ni ya mtu amechoka na watu," akasema. "Hiyo mimi sitapanda, Baba Chebet."

Mke wangu hana mazoea ya kutishia. Akisema hapandi, hapandi. Na mimi gari lile nililinunua kwa sababu yake tu.

Ngoja niwaeleze. Mimi ni mtu wa Keringet, yeye ni wa Longonot, kila mmoja na lugha ya kwao, na nyumba yetu tangu zamani inaongea Kiswahili. Desemba tulikuwa tunarudi kutoka harusi ya kwetu Keringet na lile gari letu la familia, limejaa hadi kwenye buti. Mbele kando yangu alikaa mjomba, maana mzee hukaa mbele, hilo halina mjadala. Tulipopita Molo nikamtafuta Nyokabi kwenye kioo. Niliona kofia mbili, kabichi na mfuko wa viazi. Karibu na Njoro mtu akainama kufunga kamba ya kiatu, ndipo nikamwona: amelala, kichwa kimegonga dirisha, na mtoto wa jirani amelala kifuani mwake.

Nikaanza kurudi nyuma kimawazo. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, mke wangu aliwahi kukaa kando yangu kwenye gari letu kwa safari nzima? Siku ya harusi yetu mbele alikaa baba yangu. Wakati wa pikapu mbele walikaa mchungaji na nyanya wa mtu, na yeye akawa nyuma na mbuzi. Mama yake alipozeeka, kiti cha mbele kikawa cha mama yake. Hata siku tukitoka wawili, kabla ya kufika barabara kuu kuna mzee anapunga mkono, na kabla sijasimamisha gari vizuri Nyokabi ameshafungua mlango na kuhamia nyuma. Hakuna aliyemwambia ahame. Na mimi sikuwahi kumwambia abaki.

Gari lolote lenye nyuma lingejaa. Pikapu nayo ina nyuma, tena kubwa. Gari lisilo na mahali pa kuhamia ni la spoti tu. Na nilitaka jipya, ili kile kiti kiwe hakijakaliwa na mtu yeyote kabla yake. Nilijaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza simu ililia, mara ya pili nikajikuta namuuliza kama chumvi imeisha.

Mombasa, siku tatu za kesho

Nilishuka kwa treni Jumatatu kulichukua gari, nikitarajia kugeuza siku hiyohiyo. Yule bwana wa yadi ya magari alikuwa na adabu kiasi kwamba ilinichukua siku nzima kugundua kuwa hanisaidii. "Kesho, mzee wangu, inshallah, kesho." Jumanne ikawa kesho. Jumatano nayo.

Nikashinda kwenye kibanda cha mama mmoja wa mahamri na mbaazi, ng'ambo ya geti la yadi, hadi akaanza kuniwekea kiti kabla sijafika. Siku ya tatu akaniuliza, "Baba, hilo gari unalolingoja ni la biashara?"

"La mke wangu."

"Maskini, kumbe mwenyewe yuko huko ana hamu nalo!"

Nikamwambia kweli, kwamba mwenyewe ameapa hapandi. Sijui kwa nini nilimwambia yeye kile nilichoshindwa kumwambia Nyokabi. Labda mbaazi zilikuwa zimenilainisha. Akanisikiliza huku anageuza mahamri, nikamwambia yote, mbuzi na pikapu na mchungaji. Alipomaliza kuepua akafunga mahamri manne kwenye gazeti. "Haya ya njiani," akasema, "lakini mawili ni yake. Usiyale."

Saa tisa gari likatoka. Rangi yake ni kijani cha sukuma wiki iliyokomaa, na lipo chini mno, hata nililiona paa lake kabla ya kitu kingine. Viti vilikuwa bado vimevikwa nailoni ya kiwandani. Kijana wa yadi akachana ya dereva kwa mkupuo mmoja, akanyoosha mkono kwenye ya pili.

"Hiyo wacha!" nikapiga kelele, na paka aliyekuwa chini ya lori akakimbia. Nilimpa pole paka na kijana pia. Ila nailoni ilibaki.

Mombasa hadi Emali

Mnataka kujua lilikimbia kiasi gani. Halikukimbia. Nina miaka sitini na mmoja, na nililipa ushuru wote ule ili nifuate lori la saruji kutoka Mariakani karibu hadi Voi. Basi moja likanipita, na kondakta akatoa kichwa dirishani. "Mzee, hiyo gari inajua kukimbia, iambie tu!"

Asubuhi ya pili, baada ya kulala Voi, askari wa barabarani alinisimamisha mbele ya Mtito Andei. Akalizunguka gari polepole, akainama hadi tukaonana macho.

"Mwenye gari ako wapi, mzee?"

"Ni mimi."

"Hapana, mwenyewe. Huyu kijana unampelekea."

"Nampelekea mke wangu."

Akaangalia leseni, akaangalia kile kiti cha nailoni. "Mbona hujatoa karatasi?"

"Bado hajakikalia."

Mwenzake akauliza kama naweza kumsogeza hadi Kibwezi, kazi yake imeisha. Mtu kama mimi, niliyebeba watu maisha yangu yote, kumkatalia askari lifti, na kiti kiko wazi! Nikasema, "Afande, naomba unisamehe. Hicho kiti nimeahidi." Nilisubiri anitoe nje nifungue boneti. Badala yake wakatazamana, na yule wa kwanza akanirudishia leseni kwa mikono miwili. "Enda, baba. Lakini umtolee hiyo karatasi wewe mwenyewe."

Niliendesha karibu saa mbili nikiwa nimefurahi mno. Nikasimama Emali kula nyama na ugali, nikampigia Nyokabi.

"Umefika wapi?"

"Emali."

"Umekula?"

"Ndio nakula."

"Usiendeshe ukichoka. Haya."

Kuhusu gari, hakuuliza kitu. Nilimaliza ugali bila kuusikia ladha. Sikuwa na hasira naye. Nilijisikitikia, na nilimsikitikia yeye, na mhudumu akaniuliza kama nyama ni ngumu.

Emali hadi Longonot

Nairobi ilinila nusu siku, nikalala kwa mwanangu Kiprono, ambaye alilitazama gari na kusema, "Buda, hii ni noma," nayo kwa vijana ni sifa, kisha akauliza wajukuu watakaa wapi. Nikamwambia wajukuu wana gari la baba yao.

Siku ya tatu nikateremka bonde kwa barabara ya chini. Nilisimama pale juu wanapouza ngozi za kondoo na kofia za manyoya, kwa sababu nikiona mlima Longonot umekaa peke yake kule chini najua nimefika kwetu. Muuza kofia mmoja akataka kukaa ndani apigwe picha. Nikamwacha akae kwa dereva. Akanipa kofia nijaribu, na mimi nikanunua kwa aibu.

Adui wangu bondeni alikuwa matuta. Kila tuta nililipanda kimshazari, gurudumu moja moja, kama mtu mwenye goti bovu anayeshuka ngazi. Punda waliobeba maji wakanipita huko Mai Mahiu. Mama mmoja aliyekuwa na karoti kichwani akasimama kungoja nimalize, akanipungia mkono nilipofaulu.

Sasa hapa ndipo penye kisa. Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu wote humwita Cucu, na mimi pia, anakaa Longonot, ndani kidogo kutoka lami. Huwezi kupita kwa mama mkwe na gari jipya bila kumsalimu. Habari ingefika Nakuru kabla yako, na ingefika ikiwa imechacha. Njia ya kwake ina mawe ambayo yangelichinja gari. Nikaliegesha mbele ya duka la Mama Njeri, nikaenda kwa miguu.

Cucu alinilisha githeri ya mahindi na maharagwe, akanimiminia chai hadi kikombe kikawa kizito mkononi. Kisha akachukua fimbo yake. "Twende nione."

Akasimama mbele ya gari kwa muda mrefu. "Baba Chebet, kwani hii gari imechuchumaa?"

"Ndivyo ilivyoumbwa, Cucu."

Akachungulia ndani, akaigusa ile nailoni kwa kidole. "Hii umewachia nani?"

"Nyokabi."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema hapandi."

Hakuuliza kwa nini. Aligeuka tu, akaanza kurudi nyumbani kwake, na mimi nikadhani ziara imeisha. Baada ya robo saa nikamwona anakuja: kitambaa kipya kichwani, shuka begani, kiondo mkononi. "Fungua," akasema. "Tunaenda Nakuru."

Jamani. Askari nilimkatalia. Muuza kofia nilimkalisha kwa dereva. Lakini mama aliyenipa mke nitamwambia nini, pale barabarani, Mama Njeri na duka zima wakisikiliza? Nikafungua mlango. Cucu akatandika shuka lake juu ya nailoni, akashuka polepole kwenye kile kiti, na mimi nikasikia nailoni ikilia chini yake. Siku tatu nimekilinda kile kiti, na kiliondoka mikononi mwangu nikiwa nimesimama kando nimeshika kiondo.

Longonot hadi Nakuru

Hatukuondoka mara moja kwa sababu ya mkanda. Cucu alijaribu, haukufika. Kwa kawaida ningeuvuta mimi, lakini kuuvuta ingebidi nipitishe mkono mbele ya kifua cha mama mkwe, na hilo hata serikali ikiniamuru sifanyi. Nikasimama pale, Cucu akatazama mlima, mimi nikatazama duka. Mwishowe Mama Njeri akatoka, akamfunga, akaingia dukani kucheka.

Tukaenda. Kama hujawahi kuendesha gari ambalo kiwiko chako na cha mama mkwe vinagombea nafasi, umshukuru Mungu. Nilibadilisha gia kwa vidole viwili. Tulipopita Naivasha hatukuwa tumesema maneno kumi. Yeye alikuwa akitazama mashamba ya kwenda Ndabibi, ng'ambo ya ziwa, ambako alizaliwa.

"Kuona mbele ni kuzuri," akasema ghafla. "Mimi, tulipohamia Longonot, tulienda na lori. Wazee walikaa mbele, sisi nyuma na magunia. Nilikuja kuona barabara kwa mbele nikiwa mjane. Wewe ndio ulinipa."

"Ni haki yako, Cucu."

"Ndio. Ni haki yangu. Hiyo gari yenu ingine iko na kioo kidogo hapo kwa dereva. Nilikuwa namwona Nyokabi huko nyuma na watoto wa watu."

Gilgil kulikuwa na msongamano, lori limekwama mlimani, tukakaa saa nzima kwenye jua. Njaa ikamshika Cucu, akapekua hadi akapata lile gazeti la mahamri. Nikamwambia mawili ni ya Nyokabi. Akala mawili, mimi nikala hewa, akayafunga yaliyobaki na kuyaweka kwenye kiondo. Kikopey tulipita tu na harufu yake ya nyama. Sikuwa na hamu. Nilikuwa naiona picha ile ambayo Nyokabi ataiona getini, na kila kilomita ilinisogeza kwayo.

Getini

Saa kumi na moja tulikuwa Kiamunyi, mtaani kwetu. Honi ya lile gari ni nyembamba, inaaibisha, lakini Nyokabi aliisikia. Akafungua geti akiwa na aproni, mkono mmoja una unga. Akanitazama, akatazama kiti cha pili. Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu ambaye hakutarajia kitu kingine.

"Mama, karibu," akasema. "Kumbe umekuja mbele."

Nilitamani ardhi inimeze, na gari lenyewe lilivyo chini halikuwa na safari ndefu.

Kumtoa Cucu kulichukua muda. Nyokabi alimvuta mikono, mimi nikashika fimbo, na aliposimama wima akapumzika kwanza akiwa ameegemea mlango. Kisha akainama, akavuta shuka lake, akalikunja mara nne. Nailoni ilikuwa palepale, haina hata tundu.

"Nyokabi. Hiki kiti ni cha nani?"

"Ni chako, Mama. Kaa tu, hakuna mtu..."

"Ni changu?"

"Ni chako."

"Basi nakupa. Nimetoka Longonot kukuletea. Nikikupa mimi, hakuna mzee mwingine wa kukutoa. Ingia."

"Mama, nina unga kwa mkono. Chai iko kwa jiko."

"Jikoni najua njia. Ingia."

Nyokabi akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba maneno yakatoka. Hayakutoka vizuri. Nilisema, "Nilitaka moja isiyo na nyuma. Ndio usihame."

Unga ulikuwa unaanguka kidogo kidogo kutoka mkononi mwake. Kisha akafungua aproni, akampa mama yake, na akanyoosha mkono kushika nailoni. Nikakumbuka yule askari. "Ngoja," nikasema, nikazunguka gari, nikaichana mwenyewe. Kile kiti kilinuka upya hadi Cucu akapiga chafya. Akamtilia bintiye gazeti la mahamri mapajani, akafunga mlango, akaenda zake jikoni.

Tukatoka bila kukubaliana tunaenda wapi. Nyokabi alitazama kushoto, akatazama kulia, akageuka nyuma na kukuta ukuta wa kiti chake mwenyewe. Pale kona ya barabara ya Ravine, mzee mmoja mwenye galoni ya maziwa akatupungia mkono. Na nilimwona mke wangu, naapa nilimwona: mkono wake ulikwenda kwenye kitasa cha mlango wenyewe, bila kumuuliza. Ukafika, ukakishika, ukasimama. Hapakuwa na pa kuhamia. Mimi nikampungia mzee kumwomba radhi, nasi tukapita.

Akala mahamri yote mawili, taratibu, akitazama barabara mbele. Akakunja gazeti, akalisukuma mlangoni. Kisha akafungua mikono yake na kuitazama pale mapajani, mitupu, hakuna mtoto wa jirani, hakuna mfuko, hakuna kabichi.

"Baba Chebet."

"Naam."

"Sasa hii mikono niweke wapi?"

Niliingiza gia ya tatu, nikauacha mkono wangu palepale katikati yetu. Tulikuwa bado hatujafika kwenye mashamba ya mahindi aliponiwekea wake juu, na unga wake, na ikabidi niendeshe hadi mwisho wa lami, nigeuze na kurudi nyumbani kwa gia hiyohiyo moja.